Mama watoto hataki betri ya drili ilale ndani. Nani ana haki?

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni fundi seremala wa Mbagala, Dar es Salaam. Natengeneza milango, makabati na vitanda, na kazi nyingi napata kwa kuitwa majumbani. Mwaka juzi nilijibana nikanunua drili ya betri. Ilikuja na betri mbili, chaja na biti ndani ya sanduku la plastiki, na juu ya betri imeandikwa 48VF. Kusema kweli drili hiyo ndiyo imenitoa, maana nyumba nyingi ninazofunga milango bado hazijaingizwa umeme.

Sasa betri moja imeanza kunisumbua. Naichaji, taa ya kijani inawaka baada ya dakika chache tu, nikipiga skrubu tano sita inakata. Nikiitoa kwenye drili inachoma mkono, na plastiki yake upande mmoja imepinda na kubadilika rangi. Ile ya pili iko sawa. Fundi simu mmoja aliye jirani na banda langu amesema nisinunue mpya. Ataifungua aistue kwa shilingi 5,000, na ikigoma ataniwekea seli alizozitoa kwenye betri za laptop kwa 15,000. Betri mpya ni 50,000 na msimu huu hela hakuna.

La pili ni la nyumbani. Tumepanga chumba kimoja, mimi, mama watoto na watoto wawili. Huwa nachaji usiku tukiwa tumelala, chaja inakaa sakafuni pembeni ya kitanda kwa sababu soketi ipo hapo. Mama watoto amegoma. Aliona video ya betri ya pikipiki ya umeme ikiwaka moto ndani ya nyumba, tangu hapo nikichomeka yeye anachomoa. Asubuhi naamka betri haina kitu na mteja ananisubiri. Bandani siwezi kuiacha, wezi ni wengi. Mimi naona anatia chumvi. Mbona simu tunazichaji usiku kucha na hazijawahi kulipuka?

La tatu, kijana ninayemfundisha kazi alikuwa anatoboa tundu la kitasa kwenye mlango wa mninga kwa ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye mdomo wa drili. Msumeno ukang'ang'ania kwenye mbao, drili ikazunguka na mkono wake. Kifundo kikavimba. Uvimbe umepungua, lakini mpaka leo anafunga bandeji na bisibisi hawezi kuikaza. Nilimwambia alishika vibaya. Je, ni ushikaji au drili yenyewe ni mbovu?

Mwisho, kaka yangu yuko Muscat na anarudi mwezi ujao. Anasema anaweza kuniletea drili na betri za huko. Kuna ubaya?

Ni mimi mwanao,
Seremala wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na kijana wako ingawa umemweka karibu na mwisho. Mpeleke hospitali akapigwe picha ya mkono, na umpeleke wewe mwenyewe. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane. Mmoja wao, ulio chini ya kidole gumba, una tabia mbaya: ukipata ufa, uvimbe unashuka, mtu anadhani ameteguka tu, kumbe mfupa haujaunga. Damu inaufikia kwa shida, kwa hiyo ukiachwa bila kufungwa vizuri unaweza usiunge kabisa, na nguvu ya mkono ikapotea. Mwambie daktari drili ilimzungusha vipi. Akibonyezwa lile bonde lililo chini ya kidole gumba akaumia, asiridhike na picha ya kwanza hata kama ni safi. Ufa huo mara nyingine hauonekani mapema, na madaktari huagiza picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Gharama ni zako, maana aliumia kwenye mlango wako. Na mpaka aruhusiwe asishike drili, kwanza kwa sababu ya mkono wenyewe, pili kwa sababu ncha ya bandeji inayoning'inia karibu na biti inayozunguka inaweza kuvuta mkono mzima.

Umeuliza kama ni ushikaji au drili mbovu. Kwa ulivyoeleza, kosa halikuanzia mkononi mwake. Lilianzia kwenye pete ya klachi.

Chukua drili yako uitazame hapo nyuma ya mdomo. Kuna pete yenye namba, labda 1 hadi 18 au zaidi, na mwisho wake pana picha ya biti. Zile namba ni klachi. Ukiweka 5, skrubu ikikaza kufikia kiwango hicho utasikia mlio wa ka-ka-ka, mota inazunguka lakini biti imesimama. Klachi imeachia. Ukiweka kwenye picha ya biti, klachi haipo tena, nguvu yote ya mota inaenda kwenye biti. Na biti ikikwama, nguvu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kurudi kwenye mpini, yaani kwenye mkono wa aliyeshika. Drili za kawaida za aina yako zinatoa nguvu ya kuzungusha ya kama newton-mita 40. Ni sawa na ndoo ya maji ya lita 20 kuning'inizwa kwa ghafla kwenye ncha ya mpini wa sentimita 20, tena upande usioutegemea. Hakuna kifundo kinachojiandaa kwa hilo ndani ya sekunde moja, awe fundi au mwanafunzi.

Kutoboa kwa msumeno wa duara kunataka picha ya biti, hilo halikwepeki, kwa sababu klachi itaachia kila mara. Kwa hiyo kinga inatafutwa kwingine. Kwanza gia. Ile swichi ya juu yenye 1 na 2, weka 1, na uibadilishe drili ikiwa imesimama kabisa. Kwenye gia ya kwanza mota ina nguvu zaidi lakini inakwenda polepole, na polepole ndiyo unayoitaka, ili kidole kiwahi kuachia. Vijana wengi wanaweka 2 wakidhani kazi itaisha haraka. Kwenye mninga meno yanapata moto, yanaunguza mbao, maranda yanajaa ndani ya duara na msumeno unang'ang'ania. Toboa kidogo, utoe, ukung'ute maranda, urudi. Biti ya katikati ikichungulia upande wa pili, acha. Geuza mlango umalizie kutokea huko. Msumeno unakwama zaidi pale unapokaribia kutokeza, na ukitokea pande zote mbili hautokezi mahali popote kwa nguvu, tena uso wa mbao haupasuki.

Jambo jingine watu hawafundishwi. Biti inazunguka kuelekea kulia, basi ikikwama, mwili wa drili unazunguka kinyume. Ukiwa umelaza mlango mezani na mpini unakuelekea wewe, mpini utaruka kuelekea mkono wako wa kulia. Ukilijua hilo, funga kipande cha mbao kwa klempu upande wa kulia wa mpini, karibu kabisa na betri. Drili ikiruka inagonga mbao badala ya kukunja mkono. Kama drili yako ina sehemu ya kufungia mpini wa pembeni, nunua mpini huo. Kama haina, njia ya kipande cha mbao inatosha. Na mlango nao ufungwe kwa klempu. Nimeona mafundi wakitoboa mbao ndogo wameiweka pajani, na biti ikipita mbao inakutana na paja.

Glavu avae akibeba mbao. Akitoboa avue, hasa zile za kitambaa zilizolegea, na mikono ya shati ikunjwe. Miwani ya kinga avae kila mara, na akitoboa juu ya kichwa kwenye dari ya jipsamu hiyo ni lazima, kwa sababu vumbi lote linashuka machoni. Akibadilisha biti, betri itoke kwanza. Sio kuweka ile swichi ya mbele na nyuma katikati tu, maana inasogea kwa urahisi mkono ukiigusa. Betri itoke, iwekwe pembeni, ndipo mdomo ufunguliwe.

Na kwa kuwa unafunga makabati ukutani, mfundishe kwamba drili isiyo na waya haimkingi na umeme ulio ndani ya ukuta. Nyaya kwa kawaida zinapanda au kushuka moja kwa moja kutoka kwenye swichi na soketi. Ukuta ulio juu au chini ya soketi na swichi msitoboe kwa kubahatisha. Nyumba ikiwa na umeme, ombeni meini swichi ishushwe. Drili ya betri inafanya kazi hata umeme ukiwa umezimwa, kwa hiyo itumieni faida hiyo.

Sasa betri.

Hayo maandishi ya 48VF yasikusumbue akili wala yasikupe kiburi. Hizo si volti 48. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 hivi kwa wastani, ikijaa inafika 4.2. Drili nyingi za umbo la yako zina seli 5 zilizoungwa mfululizo, au 10 zilizopangwa mbili mbili, na zote zinaishia kwenye volti 18 za wastani na 21 zikijaa. Ndiyo maana drili moja inaandikwa 18, nyingine 20, nyingine 21, na zote ni kitu kilekile. Ili upate volti 48 ungehitaji seli 13 mfululizo. Ukiwa na mita ya umeme, pima ile betri yako iliyo sawa ikiwa imejaa. Nina hakika utasoma karibu na 21. Namba hii ya 21 uikariri, nitairudia nikifika kwenye chaja.

Ile betri iliyopinda plastiki isirudi kwenye chaja, hata leo usiku. Usisubiri ivimbe kama ya simu. Betri ya simu imefungwa kwenye mfuko laini ndiyo maana inafura ukaiona. Seli za drili ni mikebe ya chuma, kipenyo milimita 18 na urefu 65, hazifuri kirahisi kwa macho. Dalili zake ni zilezile ulizoniandikia wewe mwenyewe: inajaa kwa dakika chache, inakata mapema, inachoma mkono, na plastiki imeanza kuyeyuka. Taa ya kijani inayowaka haraka haina maana betri imejaa. Mara nyingi seli moja imechoka, inafika juu kabla ya wenzake na chaja inadanganyika. Ukiendelea kuitumia, hiyo hiyo iliyochoka ndiyo inayoisha kwanza, na wenzake wanaisukuma ishuke mpaka chini ya pale inapotakiwa kuishia. Hapo ndipo moto unapozaliwa.

Kuistua ni nini? Fundi simu anachukua betri nzima, au chaja yoyote aliyonayo, anaunganisha nyaya mbili moja kwa moja kwenye seli zilizokufa, akiipita ile bodi ndogo ya ulinzi iliyo ndani. Betri inaamka, unampa 5,000 yake na unaondoka umefurahi. Lakini bodi ile ilikuwa imekataa kuchaji kwa sababu. Seli ya lithiamu ikishuka mbali chini ya volti 2.5 hivi na kukaa hivyo siku nyingi, shaba iliyo ndani yake inaanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba hiyo inajijenga upya mahali isipotakiwa na inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani, mahali ambapo hakuna fyuzi. Huenda isiwe siku hiyo. Huenda ikawa wiki ya tatu, usiku, ikiwa kwenye chaja.

Seli za laptop nazo ni umbo lilelile, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Umbo ni moja, kazi ni tofauti. Laptop inavuta umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Drili ikikaza skrubu ndefu kwenye mninga inavuta ampia 20 na zaidi kwa sekunde chache, na seli ya laptop haikutengenezwa kutoa hivyo, inachemka. Hizo alizonazo jirani yako zimeshatumika miaka, kila moja imechoka kivyake, na atazichanganya. Halafu ataziunganisha kwa risasi ya kuchomelea na chuma cha moto, wakati kiwandani zinaunganishwa kwa vipande vya nikeli na mashine inayogusa kwa sehemu ndogo ya sekunde ili joto lisiingie ndani ya seli. Simdharau fundi simu, simu anazijua. Kazi hii inataka seli mpya za aina moja zenye uwezo wa kutoa mkondo mkubwa, na bodi ya ulinzi inayofanya kazi. Akikuonyesha seli mpya zimeandikwa 9900mAh, yaani kipimo cha umeme unaokaa ndani, usizikubali, maana seli halisi ya ukubwa huo inaishia kama 3500, nzuri sana labda 4000. Aliyedanganya kwenye namba hiyo hawezi kuaminiwa kwenye kingine chochote.

Elfu 50 najua ni nyingi. Fanya kazi na betri moja kwa sasa. Toboa matundu ya skrubu kwa biti nyembamba kabla ya kukaza, utashangaa betri inavyodumu. Makali ya biti yanoe. Kazi ndogo za bawaba fanya kwa bisibisi ya mkono. Na usisubiri betri iishe kabisa ndipo uichaji. Imani hiyo ilitokana na betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu inapenda kuongezewa kidogo kidogo, na ikiwa nusu asubuhi si tatizo. Kwa mteja mwenye umeme, omba uchomeke huku unafanya kazi nyingine pale pale. Hilo tu litapunguza nusu ya ugomvi wenu nyumbani.

Ugomvi wenyewe, mama watoto ana haki. Hakutia chumvi hata chembe.

Umelinganisha na simu. Betri ya simu ni seli moja yenye nishati ya wati-saa 15 hadi 20, na simu yenyewe inaisimamia muda wote kwa joto na kwa volti. Betri yako ya drili, hata ikiwa ndogo ya 1.5Ah, yaani mAh 1500, ina wati-saa 27, na ikiwa na seli 10 inaweza kufika 70. Halafu ina maisha gani? Inaanguka kwenye sakafu ya zege, inakaa juani, inatikisika kwenye bodaboda, inaingia vumbi, na mchana kutwa inasukumwa mpaka inachoma mkono. Chaja yake mara nyingi ni ile nyepesi yenye taa moja, haijui kama betri ina joto nyuzi 25 au 50. Seli ikishindwa, inaanza kwa kutoa mlio kama wa pancha na harufu kali, kisha moshi, na kutoka moshi hadi moto ni sekunde. Moto wake unaruka, kwa sababu mkebe mmoja unauchoma mwingine. Ukiwa umelala kwenye godoro la sponji, chandarua kimeshuka mpaka karibu na chaja, na watoto wako upande wa ukutani, utaamka saa ngapi? Na moshi ule una gesi za floridi zinazounguza mapafu kabla moto haujakufikia.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Ukifika nyumbani, betri itoe kwenye drili uiache ipoe. Ipoe wakati wewe unaoga. Ikiguswa haina joto, ndipo uchomeke. Watengenezaji wengi wanataka betri ichajiwe ikiwa kati ya nyuzi 10 na 40, na chumba cha mabati cha Mbagala saa tisa mchana kinakaribia huko peke yake. Chaja na betri viwe juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na godoro, nguo, pazia na chandarua. Visikae mlangoni pia, kwa sababu kikiwaka hapo mmefungiwa ndani. Kama soketi ni ile moja ya pembeni ya kitanda, tumia ekstensheni nzuri upeleke chaja mahali pa wazi, na ekstensheni hiyo isibebe pasi wala birika wakati huohuo. Chaja ya ampia 1 inajaza betri ya 1.5Ah kwa saa moja na nusu hadi mbili. Ichaji wakati mama watoto anapika na nyinyi mko macho, itoe kabla ya kulala. Taa ikiwa kijani, chomoa, isikae kwenye chaja mpaka asubuhi. Yeye akichomoa usiku, amelinda watoto. Mwambie hivyo leo, kwa maneno yako.

Bandani nako uwe mwangalifu. Usichaji juu ya lundo la maranda, wala karibu na mahali unapopiga vanishi. Na drili yenyewe, kama mota yake ni ya brashi, ukichungulia kwenye matundu ya hewa gizani utaona cheche za buluu ndani. Mvuke wa tina na wa gundi ya kontakti unawaka kwa cheche hizo. Mlango ukishapakwa, usiutoboe hadi ukauke na hewa ibadilike.

Hujaniandikia unabebaje betri kwenye bodaboda, lakini naomba nikuulize. Kama inakaa kwenye begi moja na misumari na skrubu, badilisha leo. Msumari mmoja ukigusa vyuma viwili vya betri kwa pamoja ni shoti, na begi lipo mgongoni mwako. Sanduku lake la plastiki lina sehemu yake, au tafuta kifuniko, au hata funika vyuma kwa tepu ya umeme.

Ile mbovu, ifunike vyuma kwa tepu, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje, mbali na ukuta na jua, mahali ambapo watoto hawafiki. Usiitupe jalalani ambako taka zinachomwa, wala usiwauzie wanaokusanya vyuma chakavu, maana kuna atakayeipasua kwa nyundo. Muulize muuza drili kama anapokea betri zilizokufa, au afisa mazingira wa manispaa akuelekeze.

Ikitokea siku betri imeanza kutoa moshi ikiwa kwenye chaja, usiishike. Toa watu kwanza. Meini swichi ikiwa njiani kwako ishushe, kisha toka na upige 114, zimamoto. Kama betri iko nje na haijaunganishwa na umeme, maji mengi, ndoo baada ya ndoo ukiwa mbali, ndiyo yanayosaidia, kwa sababu yanaipoza. Mchanga unaficha miale lakini joto linabaki ndani, na betri inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Ndani ya chumba chenye moshi usirudi kuokoa drili.

Kuhusu kaka yako wa Muscat, hakuna ubaya, na umeme wa kule hautofautiani na wetu, plagi ya pini tatu za bapa inaingia huku. Asilete betri peke yake akidhani itaingia kwenye drili yako. Kila kampuni ina mlango wake wa betri. Alete drili, betri na chaja yake kama seti. Kwenye ndege, drili iende kwenye begi la chini bila betri, na betri azibebe mkononi vyuma vikiwa vimefunikwa, maana betri za lithiamu za ziada haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Kila moja isizidi wati-saa 100. Azidishe volti kwa Ah, kwa mfano 18 mara 5 ni 90, inapita. Zaidi ya 100 aombe ruhusa ya shirika la ndege kabla ya safari.

Na hapa narudi kwenye ile 21. Chaja nyingi za drili za bei nafuu zina kile kidude cha mviringo kinachoingia kwenye kishimo cha betri, na kidude hichohicho kinapatikana kwenye chaja za taa, za spika, za kamera za ulinzi na za baiskeli za umeme. Kuingia si kuendana. Chaja yenye volti 25.2 imetengenezwa kwa seli 6. Ukiichomeka kwenye betri ya seli 5, kila seli inasukumwa kufika volti 5 badala ya 4.2, na usalama wako unabaki mikononi mwa ile bodi ndogo, kama ipo. Funga kitambaa chekundu kwenye waya wa chaja ya drili, nyumba nzima ijue ndiyo yenyewe. Kaka yako akiwa dukani, akupigie picha kibandiko cha chaja pale palipoandikwa OUTPUT, na kibandiko cha betri. Nitumie zote mbili nizitazame kabla hajalipa.